Kilo Sitini za Winchi

Jumamosi ile, chai ikiwa bado haijapoa vikombeni, mama mtu mzima wa miaka arobaini na saba alikuwa anarukaruka sebuleni na soksi zilizopanda hadi magotini, mjukuu kamkumbatia, kama mtoto anayesubiri kuitwa jina siku ya matokeo.

"Mama, utamdondosha mwanangu," binti yake alisema, huku akitafuta kofia ya mtoto chini ya kochi.

"Huyu? Huyu kilo saba na nusu. Huyu ni wa kupashia misuli moto."

Mtoto alicheka mpaka mate yakamdondokea bibi yake begani. Binti alicheka pia, ingawa alikuwa ameapa kwamba asubuhi hiyo hatacheka, maana yeye na baba yake walikuwa wamekubaliana kuwa na wasiwasi.

Mama huyo walimwita Winchi. Jina alilipata ujanani, enzi za kunyanyua vyuma, enzi ambazo kilo sitini zilikuwa za kuamshia mwili tu kabla kazi yenyewe haijaanza. Ukisikia jina hilo usidhani alikuwa na mwili wa kutisha. Alikuwa mfupi, mpana kidogo wa mabega, na alipocheka alijifunika mdomo. Aliolewa na fundi cherehani, wakazaa, akapata kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na hata hapo vyuma hakuviacha.

Vilivyomwacha ni vyuma, na sababu ilikuwa mashuka. Miaka mitatu kabla ya Jumamosi hiyo alikuwa anavuta mashuka yaliyolowa kutoka kwenye mashine ya kufulia, kajipinda upande, huku anamcheka mwenzake aliyevaa viatu vya rangi mbili. Mgongo ukalia, ka! Akaanguka palepale juu ya rundo la mashuka, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Wiki sita alilala chali, anahesabu misumari ya dari. Kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na hukumu yake mkononi: "Ndiyo hivyo vyuma vyako." Vyuma vya watu vikasingiziwa, mashuka yakaachiwa huru. Mumewe alichukua mkanda wa ngozi wa mkewe, ule wa kufunga kiunoni wakati wa kunyanyua, akaufungia kabatini nyuma ya majora ya vitambaa, na ufunguo akatembea nao.

Aliyemfungulia mlango ni daktari wa viungo, mwanadada mwenye sauti ya chini. "Mama, mgongo unaoogopa kubeba ndio utakaoumia tena," alimwambia. "Tutaanza na mpini wa ufagio."

Mpini wa ufagio! Winchi alimeza aibu yake, akaunyanyua ule mpini juu ya kichwa kila jioni miezi mitatu mizima. Wifi yake alimkuta siku moja uani.

"Wifi, siku hizi unafagia mawingu?"

"Naanzia juu, wifi yangu. Nikimaliza huko nitashuka nikufagie na wewe."

Kutoka mpini akaenda mtaimbo mtupu wa chuma, kutoka mtaimbo mtupu akaongeza visahani vidogo, pole pole, huku mumewe akichungulia kwenye mlango wa jimu kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Mwezi mmoja uliopita ndipo lilipokuja tangazo la mashindano ya wanawake waliopita umri wa miaka arobaini. Timu yao ilipungukiwa mtu mmoja wa uzito wake. Mwalimu, mzee mkavu aliyewafundisha wote hao tangu nywele zake zikiwa nyeusi, aliweka sharti moja: kilo sitini, kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa, mbele ya macho yake, mara tatu za kujaribu na si zaidi. Majina yanapelekwa Jumamosi saa sita mchana.

"Na hamsini na tisa, Mwalimu?" Winchi alimuuliza kwa utani.

"Hamsini na tisa ni salamu. Nami nitaitikia, marahaba."

Katika mazoezi alikuwa ameshafika hamsini na saba. Kilo tatu zilizobaki hakuwahi kuzigusa. Usiku alizilalia, mchana alizikunja pamoja na mashuka. Hakumwambia mtu, lakini moyoni alijua: kama sitini zitagoma leo, basi yale mashuka yalimmaliza, na yote haya yalikuwa kujidanganya na ufagio.

Jimu yenyewe ilikuwa banda la mabati nyuma ya gereji. Sakafu ilitandikwa mpira mweusi wa mkanda wa kiwandani, kioo kimoja kikubwa kilipasuka pembeni, na feni ilizunguka kwa kulalamika. Walipofika, wenzake wa timu walishapanga mabenchi. Mwalimu alikaa mezani na daftari lake.

"Anayepanga vyuma leo yuko zamu kazini kwake," Mwalimu alitangaza. "Nani atasaidia?"

"Nipeni mimi," akasema mumewe Winchi. Watu wakageuka. Fundi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ilikuwa inakata. "Nikikaa bure nitatapika."

"Unajua kuvisha vyuma, Fundi?"

"Nimevisha mabibi harusi, nitashindwa na chuma?"

Wakacheka, wakamwachia. Sahani zilikuwa na namba, Mwalimu akawa anamtajia za kuvisha, na yeye namba alizijua kuliko wote. Winchi alifurahi mno. Mtu aliyemfungia mkanda kabatini, leo anampangia vyuma kwa mikono yake!

Sasa, Winchi alikuwa na kawaida moja tangu usichana. Chuma kikiwa kinavishwa sahani, yeye hukipa mgongo. Husimama akiutazama ukuta, macho kafumba, mpaka aitwe. Alisema chuma ukikiona kinavyovaa utakiogopa, heri ukutane nacho kimeshavaa. Kwa hiyo alisimama hivyo, akamsikia tu mumewe nyuma yake akihangaika pale mitaimbo ilipoegemezwa, akinong'ona, "Aa, huu ndio mtaimbo," kisha sahani zikagongana.

"Hamsini na tano!" Mwalimu alitangaza.

Winchi akapaka chaki viganjani, akainama, akavuta.

Lo! Ulikuwa mzito kama una deni naye. Ulipanda hadi mabegani ukimsaga, na aliposukuma juu feni aliiona mbili. Akanyoosha mikono. Akasimama. Mwalimu akashusha mkono. "Safi! Shusha."

Watu walipiga makofi, lakini Winchi aliporudi kwenye benchi uso ulikuwa umemshuka.

"Vipi mama?" binti alimfuta jasho kwa kanga ya mtoto.

"Mzito."

"Usiseme hivyo."

"Mwanangu, wiki jana hamsini na tano nilizitupa juu kama blanketi. Leo zimenitoa roho. Hizo sitini zitakuwaje?"

Zikawa hivi. Mwalimu alitangaza sitini, Fundi akaongeza visahani viwili vidogo, huku Winchi akitazama ukuta. Akaja, akavuta kwa nguvu zote. Chuma kikafika kiunoni, kikasita, kikakataa. Kilipogonga sakafu banda zima liliruka na mtoto akaangua kilio.

"Basi!" Fundi alikuwa ameshakimbilia katikati. "Inatosha, mama watoto. Umejaribu, Mungu kaona, twende nyumbani."

"Ondoka uwanjani, Fundi," Mwalimu alisema. "Ana mara moja bado."

Winchi alikaa, akajishika kiuno. Alingojea maumivu. Aliyapekua mgongoni kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, hapa hapana, pale hapana. Mgongo ulikuwa mzima, umekaa kimya, unamtazama tu. Kama mgongo haukulia, nani basi aliyezuia kile chuma?

"Muda!" Mwalimu aliita.

Akaenda. Akainama, akaushika mtaimbo kama anavyoushika siku zote, dole gumba ndani, vidole vikilifunika juu. Kidole cha kati kikatafuta ukucha wa gumba kama kilivyozoea. Hakikuufikia. Akajaribu tena. Hakikuufikia.

Akaachia, akasimama wima.

"Vipi tena?" Mwalimu aliuliza.

Winchi alisita. Alijua methali watakayomtupia, ya asiyejua kucheza kusingizia uwanja. Mama wa miaka arobaini na saba aliyeshindwa sitini, sasa anaulaumu mtaimbo! Lakini mkono ni wake, na gumba ni lake, na vimekaa pamoja miaka mingi kuliko ndoa yake.

"Mwalimu, samahani. Mtaimbo huu si wangu."

Vicheko viwili vitatu vikatoka kwenye mabenchi. Mwalimu hakucheka. Alivaa miwani, akaja pole pole, akainama mwishoni mwa mtaimbo palipopakwa rangi. Akainuka na uso mwingine kabisa.

"Rangi ya buluu. Huu ni wa wanaume! Nani kaleta mtaimbo wa wanaume hapa?"

Macho yote yakamwendea Fundi.

"Kwani mitaimbo nayo ina wake na waume?" Fundi aliuliza.

"Wa wanawake ule pale, mwembamba, una rangi ya njano! Ule kilo kumi na tano, huu ishirini!"

"Ule niliuona," Fundi alisema, sauti ikimshuka. "Nikauona mwembamba mno. Nikasema huu utakatika umwangukie mke wangu. Nguo nzito haishonwi kwa uzi mwembamba, Mwalimu. Nikachagua ulio imara."

Banda likalipuka kwa kicheko. Winchi hakujua amnyonge mumewe au ambusu. Mtu kamwongezea mzigo kwa kumhurumia!

Lakini binti yake hakuwa anacheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole mgongoni mwa mtoto. Ghafla akapiga kelele.

"Mama! Ongeza tano! Ile ya kwanza! Hamsini na tano, ongeza tano!"

Winchi alimtazama, hesabu ikamwingia polepole kama maji ya moto mwilini. Kile kilichomtoa roho, kile kilichomfanya akae pale na uso umeanguka, kilikuwa sitini. Alikuwa amekwisha kuzinyanyua bila kujua! Na kile kilichomshinda kilikuwa sitini na tano, mzigo ambao hata katika ndoto hakuwa ameupanga.

"Mwandike, Mwalimu!" wenzake walipiga mabenchi. "Kashapita! Mwandike!"

Mwalimu aliinua kidole. "Kinachotajwa ndicho kinachoandikwa. Nilitaja hamsini na tano. Kule tuendako hakuna mtu atakayesikiliza hadithi ya fundi na uzi." Akamgeukia Winchi, na pembeni ya mdomo wake palikuwa na kitu kama tabasamu. "Lakini una mara moja. Leteni ule mwembamba, tuweke sitini halali."

"Usiletwe," Winchi alisema.

"Nini?"

"Toeni vile visahani vidogo viwili, zinabaki sitini juu ya huu huu. Kule nitapewa mwembamba, nitamshukuru Mungu. Leo huyu mnene kanidharau mbele ya mjukuu wangu."

"Winchi, ni mara ya mwisho. Ukishindwa, jina haliendi."

"Najua, Mwalimu."

Safari hii hakuupa chuma mgongo. Alisimama akimtazama mumewe akichomoa visahani, vidole vinavyopenyeza uzi kwenye tundu la sindano bila miwani sasa vinashindwa kukaza kizuizi cha kushikilia sahani.

"Kaza vizuri, baba watoto."

"Na ukiumia?" alimnong'oneza.

"Utanishona."

Fundi alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Akakaza kizuizi, akarudi nyuma hatua tatu, akajishika kichwa.

"Sitini!" Mwalimu alitangaza. "Kwa mara ya tatu na ya mwisho!"

Winchi akainama. Mtaimbo ulikuwa mnene vilevile na gumba halikufikiwa vilevile, ila safari hii alijua anashika nini. Akavuta. Kikapita magoti, kikapita kiuno, na pale kilipotaka kusita akajitupa chini yake kwa wepesi ambao hata yeye ulimshangaza, kikatua mabegani, tii! Akachuchumaa nacho. Akainuka, sentimita kwa sentimita, huku wenzake wakipiga kelele moja ndefu isiyo na maneno. Alisimama. Akavuta pumzi. Akakunja magoti kidogo, akasukuma.

Mikono ikanyooka. Chuma kikakaa juu ya kichwa chake, kimetulia, kama kimezaliwa huko.

Mwalimu akashusha mkono. "Safi! Nimeona! Shusha!"

Winchi hakushusha.

Alikuwa anamtazama binti yake, aliyemwinua mtoto juu ya kichwa naye ili aone vizuri, na machozi yakimtiririka bila kujali. Alikuwa anausikia mgongo wake wote, pingili baada ya pingili, umesimama chini ya kilo sitini bila neno.

"Shusha, Winchi! Nimeshaandika!"

"Mama watoto, shusha, nakuomba!" Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, anacheka na kulia. "Shusha, utanimaliza!"

"Ngojeni kwanza," Winchi alisema kutoka chini ya chuma. "Sijamaliza kufurahi."