Pezi la Samaki na Mate ya Bosi

Samaki alitoka binadamu. Ndivyo mashine ilivyosema, na mashine haina utani.

Fundi wa maabara aliyasoma majibu tena, kijasho kikimtoka. Samaki huyo ni wa kidimbwi ambacho watu walitaka kukifukia wajenge maduka. Kingepona tu kama vinasaba vingeonyesha kwamba visamaki vilivyosalia mle havipatikani kwingine. Naye alipewa ncha ya pezi tu, ndogo kama ukucha wa mtoto. Nusu imeshatumika. Nusu iliyobaki ikiharibika, kidimbwi kwaheri.

"Nani kamtemea mate samaki wangu?" bosi akafoka.

Bosi huyu, akishawapa mgongo, walimwita Redio. Haishiwi betri. Hata barakoa huishusha kidevuni ili habari zipite vizuri.

"Wote mtapanguswa mashavu kwa ndani! Mwenye mate tumjue!"

Wakapanguswa: fundi mwenyewe, mfagizi, hata mlinzi wa getini.

"Mate yangu yana mabawa, yaruke mpaka huko ndani?" mlinzi akalalamika.

Hakuna aliyefanana na "samaki".

"Bado wewe, bosi," fundi akasema taratibu.

"Mimi? Haya mambo mimi nimeyasomea ng'ambo!"

Fundi akasubiri mchana. Mwenda pole hajikwai. Vinasaba walivyokuwa wakivisoma ni vya mitokondria, sehemu ndogo ndani ya seli, navyo mtoto huvirithi kwa mama peke yake, kwa hiyo vya mama ni sawa na vya mwanawe. Na mama yake Redio humletea mwanawe chakula kila mchana, utadhani yuko chekechea.

"Shikamoo mama. Naomba nikupanguse shavu, kwa ndani."

"Marahaba mwanangu. Pangusa, ila kushoto polepole, jino linaniuma."

Majibu yakatoka: mama na "samaki", chanda na pete.

Mama alipoelezwa, akamgeukia mwanawe. "Kwa hiyo mashine inasema samaki nimemzaa mimi?"

"Hapana mama, kitaalamu ni kwamba..."

"Tangu mdogo nakwambia usiongee juu ya chombo kilicho wazi! Ona sasa, umemtemea samaki wa watu mpaka kawa ndugu yako. Toka nje."

"Mama, mimi ndiye mkuu wa hapa..."

"Basi toka, mkuu."

Redio akatoka. Mama akajikalia mlangoni, bakuli la chakula mapajani, na fundi akaitoa ile nusu ya mwisho. Kazi ilikwenda. Nje ya kioo midomo ya Redio ilikuwa inacheza tu, sauti haifiki.

Safari hii mashine ikasema samaki. Tena samaki wa peke yake, hafanani na yeyote aliyewahi kusomwa. Fundi akajikuta anamkumbatia mama, bakuli na yote.

"Kidimbwi hakifukiwi?"

"Sasa hawathubutu, mama."

"Haya." Mama akafunua bakuli, akaonja mchuzi. "Mwite na yule mwanangu mwingine aje ale."