Matundu Arobaini na Manane

Mushumbusi wa Kahororo alikuwa fundi bati, na fundi bati hajui uovu mkubwa kuliko tundu. Tangu aanze kutengeneza madebe, koroboi na ndoo pale sokoni Bukoba, kila chombo kilichotoka mikononi mwake alikiinua kwanza juani, akafumba jicho moja, akachungulia. Mwanga ukipenya, hata ule wa ncha ya sindano, chombo kilirudi kwenye mkaa kikalehemiwa upya. Watu walimtania kwamba akipewa ngazi ataziba hata mvua. Sifa hizo alizipokea bila haya hata kidogo.

Sasa, Alhamisi moja mchana, mwaka 1953, alikuwa amesimama kando ya kisima cha serikali kule Ngenge, jasho jembamba likimtiririka mgongoni, macho yameganda kwenye karatasi kubwa ya buluu iliyotandazwa juu ya boneti ya lori. Ilikuwa ramani ya pampu. Bwana Maji, Mzungu mrefu aliyesimamia visima, alikuwa ameileta kutoka Mwanza, akaikandamiza kwa mawe mawili isipeperushwe na upepo. Mushumbusi hakujua kusoma Kiingereza, lakini kuchungulia alijua. Katika kila gurudumu lililochorwa pale aliona viduara sita.

Alivitambua mara moja. Miezi mitano nyuma, magurudumu manane ya shaba, yenye mapezi ya kusukumia maji, yaliposhushwa melini Bukoba, yeye ndiye aliyeitwa kuyasafisha kabla hayajapangwa kwenye shafti, moja juu ya jingine. Aliinua la kwanza juani. Mwanga ukapenya mahali sita. La pili, vilevile. Mtu mwingine angejiuliza inakuwaje magurudumu manane yatoboke palepale, matundu sita sita, tena kwenye duara safi namna ile. Mushumbusi hakujiuliza. Alitikisa kichwa, akawasikitikia mafundi wa Ulaya kwa uzembe wao, akapuliza mkaa na kuyaziba yote arobaini na manane kwa lehemu. Kisha akayapiga tupa pasionekane hata kovu. Hakumwambia mtu, maana kwake ilikuwa kazi ya kawaida tu ya fundi anayejiheshimu.

Tangu pampu ianze kufanya kazi, beringi ya juu, ile inayobeba shafti nzima iliyoning'inia kisimani, ilikuwa imeungua mara mbili. Mara ya kwanza ilifuka moshi. Mara ya pili gololi zake zilipasuka, shafti ikashuka kwa kishindo, na kipande cha chuma kikampita Elieza sikioni na kujikita mlangoni mwa kibanda. Elieza Buberwa ndiye mwangalizi wa injini na mtia grisi. Alikuwa pia shemeji wa Mushumbusi, kaka wa mkewe Kokushubila. Bwana Maji alikwishakata shauri kwamba mtia grisi hatii grisi. Leo ilikuwa imefungwa beringi ya tatu, ya mwisho, na hii nayo ikiungua, Elieza angepakiwa kwenye lori hilohilo hadi Bukoba akashtakiwe kwa kuharibu mali ya serikali. Askari wa kumpeleka alikwishafika, ameketi kivulini anamenya ndizi.

"Waitu Bwana," Elieza alisema kwa upole, kwa neno hilo la heshima la Kihaya, kofia mkononi. "Grisi natia asubuhi na jioni. Kuna kitu kinaivuta shafti kwenda chini. Naisikia kwenye mlio."

Bwana Maji aligonga karatasi kwa kidole, akasema maneno mengi. Karani wake, Anatory, akayageuza kwa Kiswahili cha shule.

"Bwana anasema hilo haliwezekani. Maji yakisukumwa juu, yanakandamiza mgongo wa kila gurudumu kuelekea chini. Ni kweli. Kwa sababu hiyo waliotengeneza pampu wametoboa matundu haya. Maji ya mgongoni yanapita hapa, yanarudi upande wa pili, nguvu inapungua. Bila matundu, magurudumu yote manane yangevuta shafti kwa pamoja, na hakuna beringi ambayo ingestahimili. Lakini matundu yapo. Kwa hiyo kosa ni la grisi."

Sema sasa, Mushumbusi alijiambia. Sema, watu wamesimama, injini imezimwa, ni maneno matatu tu. Akafungua kinywa. Akamwona askari akitupa ganda la ndizi na kujifuta mikono, akaona pingu zikining'inia mkandani mwake, kinywa kikajifunga chenyewe. Aliogopa jela. Zaidi ya jela aliogopa sokoni, wale watani wake wakisimuliana habari ya fundi aliyeziba hata yasiyozibwa.

Bwana Maji akagawa kazi. Yeye na Anatory wangepanda mlimani kwenye tangi kutazama maji yanavyofika. Mushumbusi, aliyeletwa kuunga mabomba, angekaa juu ya kisima mkono wake ukiwa kwenye beringi. Elieza angeteremka ngazi ya chuma hadi kwenye jukwaa la mbao, futi thelathini chini, kilikofungwa kibano cha bomba, aangalie kama kinatikisika.

"Muramu, shemeji yangu, nishikie kofia," Elieza alisema, akatabasamu kidogo, akaingia kisimani.

Mushumbusi aliishika kofia. Alitazama kichwa cha shemeji yake kikishuka pingili kwa pingili hadi kikamezwa na giza. Huenda lehemu ilikwisha kung'oka yenyewe, alijifariji. Huenda beringi hii ni imara kuliko zile. Injini ikanguruma, mkanda ukakazika, shafti ikaanza kuzunguka.

Mwanzoni beringi ilikuwa baridi. Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa Kihaya. Baada ya dakika chache ikawa vuguvugu, kisha ya moto, kisha kiganja kikashindwa kukaa. Alikuwa amechora mstari wa chaki ubavuni mwa shafti, sawa na ukingo wa beringi. Alipoinama kuutafuta, mstari ulikuwa umezama nusu. Grisi mpya iliyopakwa asubuhi ileile ilianza kuyeyuka na kudondoka chini, tone baada ya tone, na mlio wa shafti ukapanda ukawa mwembamba.

Sauti ya Elieza ikatoka kisimani, imezungukwa na mwangwi. "Muramu! Kibano kinatetemeka huku! Huko juu ni salama?"

Akisema si salama, Mushumbusi aliwaza, itabidi aseme na sababu.

"Ni salama!" akajibu.

Alilisikia neno lake mwenyewe likiteremka kisimani, na hapo ndipo woga ulipomshika kisawasawa, si ule wa jela. Alisikia bomba likigonga mbao kule chini. Alisikia Elieza akianza kuimba tenzi kwa sauti ndogo, jinsi alivyozoea kufanya akiwa na hofu. Mstari wa chaki ukatoweka wote. Ndani ya beringi kitu kikalia, *ka*, kikanyamaza, kikalia tena. Mushumbusi akaitupa kofia, akakimbilia injini, akaubetua mkono wa mafuta kwa nguvu zake zote. Injini ikakohoa na kuzimika. Shafti iliendelea kuzunguka kwa muda aliouona hauishi, kisha ikasimama.

Bwana Maji alishuka mlimani mbio, uso umemwiva, akiuliza nani amezima. Mushumbusi hakungoja tafsiri. Alipiga magoti kwenye tope la grisi akasema yote: jua, mwanga, mkaa, lehemu, matundu arobaini na manane. Alisema huku akilia, na mikono ameshaitanguliza kwa askari.

Bwana Maji alimsikiliza Anatory hadi mwisho. Akakodoa macho. Kisha akacheka, akacheka hadi akaegemea lori, akasema katika miaka yake yote hajawahi kuona kazi safi namna hiyo ikifanya uharibifu mkubwa namna hiyo. Askari akaambiwa arudi kituoni kwake Muleba. Siku mbili zilizofuata pampu ilivutwa juu kipande kwa kipande, na Mushumbusi mwenyewe akayazibua matundu yote juu ya mkaa. Jumatatu ilizungushwa toka asubuhi hadi adhuhuri, na beringi ikabaki ya kushikika. Akina mama walijaza madebe bombani wakipiga vigelegele.

Elieza hakuwa amemsemesha muda wote huo. Alikuja wakati watu wanakula, akasimama mbele yake akijifuta mikono kwa kitambaa cha mafuta.

"Ile karatasi ilipofunguliwa, ulijua?"

"Nilijua."

"Kabla sijateremka."

"Kabla hujateremka."

Elieza alikikunja kile kitambaa. "Nami nikakuuliza nikiwa mle ndani. Sikumwuliza Bwana, nilikuuliza wewe."

Mushumbusi aliweka chini chakula chake.

"Bwana amekusamehe mambo ya pampu, na mimi pampu nimekusamehe," Elieza alisema. "Hilo jingine ukamwambie Kokushubila. Mimi siwezi kumwambia dada yangu kitu cha namna hiyo. Mwambie kwa kinywa chako, neno ulilonijibu."

Akaenda kuwasha injini. Lori lilikuwa linarudi Bukoba jioni hiyo na nafasi ilikuwepo, lakini Mushumbusi alikataa kupanda. Alibeba kikapu chake cha vyuma vya kulehemia, akaanza safari kwa miguu. Kutoka Ngenge hadi Kahororo ni mwendo wa siku tatu, na kila kilima alichokivuka aliomba kiwepo kingine mbele yake.