Gauni Moja Kambani

Bi Mkunga alistaafu kazi ya kuzalisha, lakini macho yake yalikataa kustaafu. Kila asubuhi alivuta stuli hadi dirishani, ghorofa ya pili, akaweka kikombe cha chai kwenye ukingo wa dirisha na kuanza kusoma kamba za nguo uani. Kamba zilikuwa sita, zimefungwa ukuta hadi ukuta kati ya majengo mawili, na kwa mtu aliyekaa wodini miaka thelathini na moja hazikuficha kitu. Mashuka ya kitanda kimoja yakifuliwa kila siku, nyumba hiyo ina mgonjwa. Mashati ya mume yakikosekana wiki mbili, mume yuko safarini au kafukuzwa, na siku ya tatu Bi Mkunga alishajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Wanawake wa ua ule walikuwa na taratibu zao. Nguo za ndani na vitambaa vya siku za mwezi vilianikwa kamba za katikati, mashuka yakavikinga pande zote, ili wapita njia wasione. Na wingu likifunga, yeyote aliyekuwa nyumbani alianua nguo za wote, akazikunja na kupeleka kila mzigo mlangoni kwa mwenyewe. Taratibu nzuri kabisa, ila aliyezipanga hakumfikiria mtu anayetazama kutoka juu.

Binti yake wa pekee aliishi jengo la pili, ghorofa ya kwanza, na mumewe, mwalimu wa hesabu. Ndoa ilikuwa na miaka sita, mtoto hakuna. Mwaka jana Bi Mkunga aliona kwamba vitambaa vya bluu vya binti yake havikuanikwa mwezi mmoja, wala uliofuata. Akahesabu kwa vidole, akacheka peke yake. Angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini mdomo ulikuwa unamwasha, na kesho yake akakutana na mkwe wake ngazini, kabeba madaftari ya wanafunzi.

"Hongera, baba!" akamwambia, kwa sauti ile ile ya kuita majina wodini. "Miezi saba tu, tunabeba!"

Mwalimu alisimama na madaftari yake kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hajalisoma. Hakuwa ameambiwa. Mkewe alikuwa anasubiri miezi mitatu ipite kwanza, kwa sababu mimba mbili zilishaharibika huko nyuma na hakutaka kumpa matumaini tena mapema. Hata mama mtu, wakati huo akiwa bado kazini, hakuwa na habari ya hizo mbili. Nyuma ya mwalimu alikuwa anapanda mke wa fundi umeme na ndoo yake, na huyo hakuhitaji kuambiwa jambo mara mbili. Kufikia jioni ua mzima ulikuwa unapongeza.

Wiki ya pili mimba ikatoka. Wale wale waliokuja na hongera wakaja na pole, wakajaa sebuleni, wakakaa hadi kwenye mikono ya makochi. Mimba haitoki kwa sababu ya maneno, Bi Mkunga alilijua hilo kuliko wote. Ila binti yake, badala ya kulia chumbani na mumewe, alilazimika kuwashukuru watu arobaini kwa kumhurumia. Walipoondoka akamgeukia mama yake.

"Mama, mimi ni mtoto wako. Si faili lako la wodini."

Akamfungulia mlango, na tangu siku hiyo hakumfungulia tena. Mwezi uliofuata wanaume watatu walipandisha mashine ya kukausha nguo kule ghorofa ya kwanza. Bomba jeupe likatokezwa dirishani jikoni, likawa linapuliza hewa ya moto yenye harufu ya sabuni. Mahali pa binti kwenye kamba pakabaki patupu.

Bi Mkunga aliisema vibaya mashine ile kwa kila aliyekuwa na masikio. Inakula umeme. Inachakaza nguo. Inapunguza soksi mpaka zinamtosha mdoli. Jua lipo, halijawahi kumdai mtu, sasa mtu na akili zake anafungia nguo kwenye kabati la moto kwa nini? Watu walimwitikia tu, wakijua, naye alijua kuwa wanajua. Nguo zile hazikumhusu. Alichotaka ni mlango ule ufunguliwe. Alishaugonga mara tatu, na mara zote alitoka mkwe, amejaza mlango wote kwa adabu: "Amepumzika, mama." Bi Mkunga alikuwa na aibu, na aibu hiyo hakumwambia mtu.

Miezi kumi ikapita. Asubuhi moja, chai ikiwa bado ya moto, alimwona binti yake akitoka uani na beseni dogo, khanga pana imemzunguka kuanzia mabegani. Ndani ya beseni mlikuwa na nguo moja. Akaianika kamba ya nje, mahali pa wazi kuliko pote, vibanio viwili, akarudi ndani bila kutazama juu. Lilikuwa gauni la kijani. Bomba jikoni lilikuwa linapuliza kama kawaida.

Kwa hiyo umeme upo na mashine ni nzima. Bi Mkunga akavaa miwani. Nguo za rangi huanikwa zimegeuzwa ndani nje, jua lisizipaushe. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo, na binti hakuwahi kusahau. Leo gauni halikugeuzwa. Mishono ya pembeni ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya, na kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani kilionekana pande zote mbili, mistari miwili iliyokolea rangi kuliko gauni lenyewe. Limepanuliwa vidole viwili kushoto, vidole viwili kulia.

Miezi mitano, alisema moyoni. Alifurahi, akaogopa, akataka kupiga kelele, vyote kwa pamoja. Gauni lile lilianikwa lisomwe na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni yeye.

"Bi Mkunga!" Mke wa fundi umeme alikuwa amesimama chini, kibanio mdomoni. "Leo mwanao kaanika! Mashine imekufa? Hebu tuambie, umeona nini huko juu?"

Dirisha la jikoni kwa binti yake, juu kidogo ya bomba, lilikuwa wazi upana wa kiganja. Bi Mkunga aliliona. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Akajikaza kisabuni.

"Naona wingu," akasema. "Angalia mashuka yako."

Wingu lilikuwepo kweli, na saa nne matone yakaanza. Bi Mkunga alishuka ngazi mbio, magoti yakilalamika, na kabla ya nguo nyingine yoyote akachomoa gauni la kijani na kulizungushia shuka lake. Ndipo akaanza kuanua za wengine. Mke wa fundi umeme akafika akihema.

"Na lile gauni?"

"Nimeshalianua."

"Lete basi nimpelekee, wewe na magoti yako."

"Magoti yangu yanaijua njia."

Akapanda ngazi za jengo la pili na mzigo kifuani. Akagonga mara moja, akangoja. Alijiambia akitoka mwalimu atampa shuka na gauni lililomo, na kugeuka bila neno.

Alitoka binti. Khanga ilikuwa bado mabegani, ameishika mbele kwa mikono miwili. Walitazamana. Bi Mkunga akanyoosha mzigo, macho yake yakiwa usoni kwa mwanawe, hayakushuka chini hata kidogo, na ilimgharimu.

"Mama," binti akasema, "nani mwingine ameona?"

"Ameona nini?"

Binti akaupokea mzigo, akaiachia khanga, akasogea pembeni ya mlango.

"Pita ndani. Vua viatu, nimetoka kupiga deki."