Sindano za Mtani

Tangu walipooana, Mughwai alikuwa akidai kwamba mkewe anakoroma, na tangu hapo Kristina alikuwa akikana. "Mbwa wa jirani Yohana wanabweka kukujibu," mume anasema asubuhi mbele ya watoto. Mke anamwita mwongo wa kata nzima, uji unanyweka, maisha yanaendelea. Pale Unyambwa kila mtu aliujua ugomvi huo, maana wenyewe waliupeleka hadi bombani kutafuta mashahidi.

Ndipo kiharusi kikaja. Kilimkuta Mughwai kitandani, na alipoamka alfajiri mkono wa kushoto hausikii amri na mdomo umekwenda upande. Kristina, aliyelala fofofo ubavuni pake, hakusikia kitu. Hilo ndilo lililomuuma kupita yote. Loo! Mtu anapigwa na ugonjwa shubiri moja kutoka puani kwako, nawe unauchapa usingizi! Akaapa moyoni kwamba halitamkuta tena jambo kama lile. Akaweka kigoda kando ya kitanda, akajifunga kanga kiunoni, akawa mlinzi. Usiku kucha macho kodo, anamtazama mumewe kifuani kama kinapanda na kushuka.

Ajabu ni kwamba na Mughwai mwenyewe usingizi ulimkimbia. Anageuka huku, anageuka kule, anakohoa, kunakucha. Daktari wa hospitali hakumung'unya maneno: dawa za presha mzee anameza vizuri, ila asipolala presha haitatulia, na presha isipotulia kiharusi kinaweza kurudi. "Na kikirudi, mama, hakipigi hodi."

Hapo Kristina akahangaika kweli. Akachemsha maziwa, akakoroga asali, akawahamishia majogoo banda la mbali. Mchungaji akaja kumwombea mgonjwa apate usingizi, akasinzia yeye. Mughwai akamtazama tu, macho makavu.

Mwishowe akapiga simu binti yao, Winfrida, anayefanya kazi ofisi za wilaya kule Nduguti. "Mama, kuna tabibu hapo mjini anachoma sindano za Kichina. Bosi wangu naye alipata kiharusi akawa halali, sasa analala. Mpeleke baba. Ila dawa za hospitali asiache hata siku moja."

Chumba cha tabibu kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Jaffer. Mughwai alipanda ngazi akimwegemea mkewe, akihema, amenuna. Tabibu mwenyewe, kijana mnene mwenye koti jeupe, akainuka kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jina... nani?"

"Mazengo."

"Mgogo?"

"Mgogo wa Manyoni, mzee."

Mughwai akageukia mlango. "Mama Winfrida... turudi. Huyu ni mtani. Ataniua... ale ubwabwa wa msiba."

Adabu yote ya Mazengo ikaishia hapo. "Kumbe ni Mnyaturu! Nikuue wewe nipate hasara? Mtani ndiye anayechimba kaburi, na kwa mwili huo nitachimba hadi lini? Lala hapo. Nafasi ya kumchoma Mnyaturu sindano halafu anishukuru haiji kila siku."

Mughwai akacheka, cheko la upande mmoja. Kristina hakucheka. Siku nyingine angeongeza la kwake, lakini neno kaburi, hata la utani, lilimkata maini. Akasogeza kiti karibu na kitanda, akakaa kama anavyokaa nyumbani, macho kifuani kwa mumewe.

Sindano zilikuwa nyembamba kama unywele. Moja ikaingia kwenye paji la uso, nyingine masikioni, nyingine kwenye vifundo vya mikono na miguuni.

"Umenifanya... nungunungu," Mughwai akalalamika.

"Nungunungu analala mchana kutwa. Mwige." Kisha Mazengo akamgeukia Kristina, na sauti yake ikapungua utani. "Mama, nawe pumzika. Mimi nipo, namwangalia."

Tangu kiharusi kiingie nyumbani mwao, hakuna mtu aliyemwambia Kristina maneno hayo. Kiti kilikuwa na mto. Feni ilikuwa inazunguka polepole. Akasema moyoni, nifumbe macho kidogo tu, kidogo tu.

Alishtuka shingo imepinda na mate yamemkauka shavuni. Sindano hazipo. Mughwai amelala chali, amefumba macho, mdomo wazi, kimya.

"Baba Winfrida! Uwii, baba Winfrida!"

"Shh! Mama, taratibu!" Mazengo akaja mbio. "Amelala huyo. Amelala usingizi."

Kristina akaweka kiganja kifuani kwa mumewe. Kifua kikapanda, kikashuka. Akakaa tena. "Sindano zako zimeweza, mwanangu. Mungu akubariki."

Mazengo akajikuna kichwa. "Zimesaidia, na tutaendelea kumchoma. Lakini nisijisifu. Nilimaliza kumchoma akabaki anahesabu mbao za dari. Wewe ulipoanza kukoroma..."

"Mimi sikoromi!"

"Mama, Jaffer alipanda kuuliza kama tumefunga mashine ya kukoboa. Basi ulipoanza, mzee akatabasamu, akasema 'Afadhali,' akafumba macho, akaenda."

Kelele hizo zikamwamsha Mughwai. Akamtazama mkewe, akayatafuta maneno taratibu, moja moja.

"Tangu niugue... hukoromi. Usiku kucha kimya. Najua umekaa... unasubiri nife. Nani atalala... anasubiriwa hivyo?"

Kristina alilia palepale, bila kujificha, na mtani akajifanya anapanga sindano zake.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Kristina alianika alizeti uani juu ya turubai, akaingia ndani. Kigoda akakitoa nje. Akapanda kitandani, akajilaza ubavuni mwa mumewe, na hofu ikapanda pamoja naye. Usingizi hauji. Mwenzake naye anageuka huku, anageuka kule. Basi akapata wazo: akaanza kukoroma kwa makusudi, khoo, khoo, taratibu.

"Huo... si wako," Mughwai akasema. "Wako una filimbi... mwishoni."

Kristina akasema kweli yake. "Naogopa, baba Winfrida. Nilipolala ndipo ulipopigwa. Nikilala tena, je?"

Mughwai akavusha mkono wake mzima, akaushika wa mkewe.

"Nikitaka kufa... nitakuamsha kwanza. Nitaondokaje bila kuaga? Si utanifuata... uniulize nilikuwa wapi?"

Kristina akacheka. Akacheka mpaka kitanda kikalia, na machozi yakachanganyika na kicheko, na hakujua kipi kilikoma mwanzo.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshuka. Kabla ya kitu kingine, kiganja kifuani. Kikapanda, kikashuka. Na Mughwai alikuwa anakoroma! Anakoroma kweli, mkoromo mnene, tena wenye filimbi mwishoni. Miaka yote hiyo ya kusingiziwa, na leo ushahidi huu hapa, na hakuna wa kumwita.

Akachungulia mlangoni. Kuku wa Unyambwa nzima, wake na wa Yohana na wasio na mwenyewe, wamejaa juu ya turubai wanajilia alizeti. Kristina akainua mikono awaswage, akafungua mdomo. Akaufunga. Akavuta kigoda, akakaa mlangoni, mkono shavuni, anasikiliza mkoromo huku kuku wakila.