Walioitwa

"Kaa chini, fundi, unatuzibia vita!"

"Siketi! Mwambieni malkia awaache watoto wa watu wapumzike!"

"Mwambie mwenyewe, si anakusikia?"

Fundi viatu alikuwa amesimama juu ya benchi la tatu, nyundo bado iko mfukoni, akiinyooshea skrini kidole kama anayemdai mtu radhi. Nyuma ya pazia, mfasiri wa katuni, mwanamke ambaye ukumbi mzima ulimbatiza Kasuku, hakuwa na nafasi ya kucheka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye kitufe cha sauti, ukiyashusha maneno ya katuni yenyewe kila alipofungua kinywa na kuyapandisha kila panga zilipogongana. Wa kulia ulishika maikrofoni aliyoiviringishia leso ili isipasue spika. Macho yalikimbizana na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Maandishi yale hayamsubiri mtu, tena ni mafupi, na Kiswahili kina mkia mrefu, hivyo mara nyingi jitu lilikuwa limeshakatwa kichwa, naye bado analisemea, "Nakuomba sana, ndugu yangu, unisamehe..."

"Huyo kafa au hajafa?" msusi aliuliza kwa sauti.

"Kafa," Kasuku alijibu humo humo ndani ya maikrofoni, "ila alikuwa hajamaliza kuongea. Kama wewe saluni."

Mabenchi yakatetemeka kwa kicheko.

Kabla ya kazi hii alikuwa akinadi nguo za mitumba sokoni, jua la utosi, mpaka sauti ikaota miba. Mume hakuipenda sauti hiyo. Siku moja alitoka kwenda kununua kiberiti, na mpaka leo anachagua. Ndugu yake, mwenye ukumbi, ndiye aliyebaki kuona haya kwa niaba ya ukoo. Akamwambia, "Shemeji, hiyo sauti tusiitupe. Nina majitu yanaihitaji." Akampa kiti, pazia na maikrofoni.

Katuni iliyowajaza ukumbini msimu ule ilikuwa ya vijana watatu waliotoweka ndani ya lifti, wakaibukia katika nchi ambayo bahari imetundikwa juu, mahali pa mawingu. Nyangumi hupita juu ya mapaa ya nyumba, na kila wakipita watu wa nchi hiyo huweka ndoo nje kukinga matone. Mmoja wa vijana alikuwa binti mwembamba mwenye nywele za buluu, aliyejaliwa kuzungumza na mawe. Msusi aliapa kwamba nywele zile zingekuwa za kweli zingeshakatika. Fundi viatu naye hakumsamehe mchoraji: jangwa zima limevukwa, na soli ni ile ile!

Kosa lilitokea siku ya kwanza, mwanzoni kabisa. Maandishi yalisema kwamba malkia, kwa nguvu za taa zake, amewaleta vijana hao kutoka dunia yao waje kuwa mashujaa. Kasuku angeweza kusema wamevutwa. Angeweza kusema wameagizwa. Lakini neno lililokuwa karibu na ulimi likawatangulia wenzake.

"Vijana hawa watatu," alisema kwa sauti nzito ya kitabuni, "wameitwa."

Ukumbi ukanyamaza.

"Wote watatu?" mtu aliuliza.

"Lifti imekatika," mwingine alijibu.

"Wadogo hivyo, jamani," alisema msusi. "Mungu awapumzishe."

Maana kufa ni kwa kuku. Mtu hutangulia, huaga, hutuacha, huitwa. Kasuku alisikia alichokifanya, akafungua kinywa asahihishe. Ndipo nyangumi wa kwanza akapita. Tumbo lake jeupe lilijaza skrini pembe hadi pembe, mwanga wa maji ukacheza juu ya nyuso za watu kwenye benchi, na vichwa vyote vikainuka pamoja. Fundi viatu alivua kofia. Mbele yao palikuwa na nchi nzima ya walioitwa, ina soko, ina watoto, ina bahari yenye joto juu yake, na hakuna aliyepumua. Miaka yote Kasuku alikuwa amepigania kusikika juu ya kelele za watu. Kimya cha namna ile hakuwahi kukipata, na hakuwa na moyo wa kukivunja.

Basi uongo ukawa mjusi: ukimkata mkia, unaota mwingine. Maandishi yakisema "nyumbani", yeye alisema "tulikotoka". Vijana wakilia kwamba wanataka kurudi, yeye aliwaliza kwamba wanawakumbuka waliobaki. Na katuni, ajabu, ilikubali. Ilivaa ule uongo kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake.

Kisha akaanza kuja mwokaji mikate.

Alikuwa mzee mnene, mwenye unga kwenye nyusi hata siku za mapumziko. Binti yake, mtoto pekee, alikuwa ameitwa mwaka uliopita. Mapafu, wiki moja tu. Katuni hakuzijua. Alikaa benchi la mbele, mikono juu ya magoti, na watu walipokuwa wakitoka alisubiri pembeni mpaka Kasuku akunje nyaya zake.

"Mwanangu, huko wanakula vizuri?"

"Wanakula, mzee. Si umeona lile soko?"

"Niliona. Wanaoka na mikate." Akafikiri. "Moto wao mkali mno, lakini watajifunza."

Akaenda zake. Kesho akarudi na swali jingine: kama wanalala pamoja au kila mtu peke yake, kama yule binti anayezungumza na mawe ana rafiki. Kasuku alijibu yote. Yaliyokuwa kwenye maandishi aliyatoa kwenye maandishi, na yasiyokuwamo aliyatoa alikojua mwenyewe.

Sasa zilikuwa zimebaki sehemu mbili, na leo ndiyo ile ya kabla ya mwisho, ile iliyompandisha fundi viatu juu ya benchi. Picha ilipokatika malkia akiwa ameinua taa yake, zogo likalipuka.

"Nimesoma kwenye simu," msusi alitangaza, akijipepea. "Wenzetu waliokwishaona mwisho wanatukanana huko. Nusu wanasema ni mtamu mpaka wamelia, nusu wanataka mchoraji akamatwe."

"Kwani inakuwaje?" mwenye ukumbi aliuliza.

"Sisemi. Ila inasemekana wanarudi."

"Wanarudi wapi?" Fundi viatu alishuka benchi. "Walioitwa hawarudi! Wangekuwa wanarudi, mama mkwe wangu angeshakuja kuuliza cherehani yake. Kasuku, ukituletea huo upuuzi mimi sikanyagi tena hapa."

"Utaenda wapi, fundi?" Kasuku alimjibu. "Kwako hata redio inakukimbia."

Walicheka, wakatoka. Mwokaji hakucheka. Alisubiri pembeni kama kawaida, lakini mara hii hakuuliza habari za mikate.

"Mwanangu, mimi najua hii ni michoro. Usinione mjinga."

"Sijakuona hivyo, mzee wangu."

"Sasa niambie mapema. Kama kesho wanarudi, mimi sitaingia. Nikishaona mtoto anarudi nyumbani, nitakaa nausikiliza mlango wangu. Leo, kesho, kila upepo ukigusa kitasa. Ndiyo nimeacha juzijuzi tu." Alifuta nyusi, unga ukaanguka. "Siwezi kuanza tena."

Kasuku alizungusha waya kwenye kiwiko, taratibu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa ameshaitazama sehemu ya mwisho asubuhi ile, peke yake, ili ajiandae. Alikuwa ameuona ujia wa jengo, mlango, kengele, baba akifungua.

"Hawarudi, mzee," alisema. "Njoo tu. Nitakuwekea nafasi."

Kesho yake ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani, mapazia migongoni mwao. Kasuku alikunywa maji ya tangawizi, akaviringisha leso, akajiambia kwamba mdomo uliojenga nchi hauwezi kushindwa na mlango mmoja. Vita vya mwisho alivipiga vizuri kuliko vita vyote vya maisha yake. Jitu kuu lilipoanguka, bahari ya juu ilipasuka, ikashuka polepole kama shuka linalotandikwa, na nyangumi wakaelea katikati ya mitaa wakiwapita watu begani. Mtu fulani alisema "Lo!" kwa sauti ndogo, na hakuna aliyemcheka. Msusi alikuwa ameshika mkono wa mtu asiyemjua.

Kisha taa za malkia zikawaka, na binti akajikuta amesimama kwenye ujia. Kushoto ukuta, kulia ukuta, mbele mlango wa kahawia. Akabonyeza kengele.

"Hii," Kasuku alisema upesi, "ni ndoto. Baba yake amelala, anaota..."

"Amelala wapi?" Fundi viatu alidakia. "Mbona kafungua mlango, na sufuria anayo mkononi?"

"Anaota amesimama, fundi. Wewe huoti?"

"Naota nimelala, kama watu!"

Vicheko viwili vitatu, vikafa. Kwenye benchi la mbele mwokaji alikuwa ameinuka. Kivuli chake kilipanda kwenye skrini, kikawafunika baba na binti wote wawili. Hakuna aliyemwambia kaa chini. Anaondoka, Kasuku aliwaza. Nimemleta mwenyewe, kwa ulimi wangu, mpaka kwenye mlango ule ule alioukimbia.

Pazia likasogea. Mkono mpana, wenye makovu ya tanuri, ukaingia kwanza.

"Hiyo sauti ya baba, mwanangu. Nipe mimi."

"Mzee, jana mimi nilikuwa..."

"Nina macho. Huyo haoti. Nipe."

Akampa. Kwenye skrini midomo ya baba ilikuwa imeanza kusogea, na maandishi yakaja chini yake, yakakaa, yakaondoka. Mwokaji hakujisumbua kuyatazama. Alishika maikrofoni kwa mikono yote miwili, karibu mno, akaita kama baba yeyote anavyomwita binti yake aliyempenda kuliko jina lake.

"Mama."

Spika zikalibeba neno mpaka kwenye mapaa.

Binti wa nywele za buluu aliinua uso. Kinywa chake kikafunguka. Na kinywa kile, msimu mzima, kilikuwa ni kazi ya Kasuku. Mwokaji aliisogeza maikrofoni, akaiweka hewani katikati yao wawili bila kumtazama. Ukumbi ulisubiri. Kusema ni kumdanganya mzee wa watu mara ya mwisho, na kunyamaza ni kumwacha mtoto amesimama mlangoni bila ulimi. Aliinama.

"Abee, baba."

Mzee alifumba macho. "Umekula?"

"Nimekula."

"Huko baridi?"

"Hakuna, baba. Bahari iko juu yetu. Ina joto."

Picha zilikwenda zake. Baba wa michoro aliangusha sufuria, akamkumbatia binti, akalia kwa mabega. Maandishi yakapita moja baada ya jingine na hakuna aliyeyasoma. Hakuna aliyesema kwamba maneno hayalingani na midomo.

"Na wale wenzio?"

"Tuko pamoja."

"Haya." Mzee alimeza mate, na kumeza kwake kukasikika mpaka nje madirishani. "Haya, mama. Usiwacheleweshe. Vuta mlango."

Kwenye skrini mlango wa kahawia ulijifunga polepole. Mchoraji alikuwa amebaki kwenye ujia, hakuonyesha ndani. Ukabaki mlango tu na taa juu yake, na hakuna ukumbini ambaye angeweza kuapa binti yuko upande upi.

Majina ya waliochora yakaanza kupanda. Mwenye ukumbi alikuwa ameinua mkono azime, mkono ukamsahau hewani. Fundi viatu, ambaye hakuna kitu duniani asichokuwa na maoni nacho, alivua kofia. Nyuma ya pazia mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha Kasuku, maikrofoni imeegemea kifuani, nayo haijazimwa. Na pumzi zake ziliingia na kutoka katika spika zote mbili, kubwa, taratibu, zikiujaza ukumbi mpaka mapazia ya madirishani yakaonekana kama yanasogea nazo.