Mdomo wa Mama Mkwe

Tobia, tabibu wa zahanati moja huko Malindi ya milima ya Lushoto, alikuwa amemwoa Shukrani. Kwa hiyo kila alipompima presha mama mkwe wake, Evodia, Shukrani ndiye aliyemfunga mama yake kile kitambaa cha mashine mkononi. Tobia alisoma namba tu, macho chini. Ndivyo mkwe na mama mkwe walivyoheshimiana milimani kwao. Evodia hakuwahi hata kula mbele yake.

"Dawa ya presha unameza, mama?"

"Nameza, baba."

Alimeza kweli. Lakini baada ya miezi kadhaa fizi zake zilivimba, zikapanda juu ya meno, zikawa zinatoa damu. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kina mama kanisani. Sasa aliimba amejiziba kwa kanga.

"Umechumbiwa? Mbona unaficha mdomo?" jirani yake Kibibi alimtania.

"Nimechumbiwa. Mshenga ni wewe, ndiyo maana sina raha."

Siku moja Shukrani aliona damu kwenye tunda la peasi alilong'ata mama yake.

"Mama, mwonyeshe Tobia."

"Nimwachamie mkwe wangu?"

"Ni tabibu."

"Ni mkwe kwanza. Tena ukimwambia, sikanyagi kwako."

Shukrani hakumwambia Tobia. Evodia, aliyekuwa na hakika kwamba vidonge ndivyo vinavyomharibu, akaviacha bila kumwambia mtu. Taratibu fizi zikanywea. Jumapili ya mavuno aliimba bila kanga, sauti ikajaa kanisa, na Shukrani akalia kwa furaha. Tobia alipoona namba zimepanda na kuuliza kuhusu dawa, jibu lilikuwa lile lile: "Nameza, baba."

Wiki iliyofuata Evodia alianguka akipalilia kabichi. Kiharusi kilichukua upande wa kulia na maneno yote.

Hospitalini Lushoto, daktari wa meno alimchungulia mdomoni, akamsikiliza Shukrani, aliyekuwa amevikuta vidonge vya mama yake vimefichwa bila kumezwa, kisha akasema kwa upole, "Alikuwa sahihi kuvishuku. Dawa ile huwavimbisha fizi baadhi ya watu. Na fizi zikiugua, presha nayo huwa ngumu kushuka. Angesema, angebadilishiwa dawa, na fizi zingetibiwa."

Tobia alikuwa amesimama nje ya mlango, mahali pa mkwe. Alisikia yote.

Tobia na Shukrani walimchukua akakae nyumbani kwao. Kila asubuhi Shukrani alimsafisha mama yake kinywa, kwa maana chakula kilikwama upande uliokufa. Asubuhi moja kilio kilimzidi, mswaki ukamponyoka. Tobia akaingia, akauokota, akausuuza. Akapiga magoti kando ya kitanda, macho chini.

"Shikamoo, mama. Naomba ruhusa."

Evodia alivuta kanga hadi puani. Ukungu ulikuwa umeziba dirisha. Kisha mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukaishusha kanga polepole, na akafungua mdomo.