Barua Niliyokataa Kuitoa

Wacha nikwambie mapema: sijutii. Barua ninayo, iko kwenye mkoba wangu, na hapo ndipo itakapokaa.

Ni barua ya uhamisho wa ushirika. Muumini wa kwetu Kitale akihama, mchungaji humwandikia, naye huikabidhi kwa kanisa jipya. Siku wakiipokea, jina lake linafutwa kule nyumbani. Yangu niliandikiwa miaka sita iliyopita nikija Doha kufanya usafi hotelini, West Bay. Ikakaa ndani ya bahasha yake, chini sandukuni. Kila Ijumaa, siku ya ibada huku, nasema nitaipeleka, kila Ijumaa nasahau. Uzembe mtupu, nakubali.

Mwezi jana kaka yangu Cyrus, ambaye ni mzee wa kanisa, akanipigia. Ati kanisa letu la mawe linauzwa. Kuta zibaki, ndani zijengwe fleti. Mtaa ulikuwa umegawanyika hadi majirani hawasalimiani.

"Paa linavuja, Nasimiyu," akasema. "Na watu wanataka nyumba."

"Paa si hurekebishwa? Nyanya alibeba mawe yale kichwani. Mama anafagia pale kila Jumamosi. Sasa akafagie wapi, sebuleni kwa mtu?"

"Wewe ulihama. Huna kura."

Hilo lilinikera hadi chakula kikanishinda. Kwani nilihama moyo? Halafu nikakumbuka bahasha.

Jumapili ya kura nilikuwa kazini. Nikaomba mapumziko, nikajifungia chumba cha kubadilishia nguo, nikaingia mkutanoni kwa video. Thelathini na moja walitaka kuuza, thelathini wakakataa. Cyrus alikuwa ameanza kushukuru watu.

"Bado mimi," nikasema, nikainua bahasha mbele ya kamera. "Hakuna kanisa lililoipokea hii. Jina langu liko hapo kwenu. Nakataa."

Mchungaji akafungua daftari la washirika, akapitisha kidole, akanipata. Kwa sheria yetu, kura zikiwa sawa jengo haliuzwi. Cyrus akazima kamera yake. Hajanipigia tangu siku hiyo, na inaniuma, maana ndiye aliyenisindikiza hadi uwanja wa ndege.

Ijumaa nikaenda ibadani Mesaimeer, hapa Doha, kama kawaida. Jennifer, kiongozi wa kwaya yetu, alikuwa ananingoja mlangoni. Alikuwa ameshanionya: leo ndiyo mwisho, asiye mshirika haimbi.

"Umeleta barua?"

"Ninayo, lakini sikupi. Wale wa Kitale watapiga kura tena."

"Basi nipe joho, dada. Pole."

Miaka sita nimeimba sauti ya kwanza na joho lile. Nikalivua, nikalikunja vizuri, nikampa. Nikaketi benchi la mwisho, machozi yananilengalenga, mkoba nimeukumbatia.

Kwaya ikaanza. Nikasimama peke yangu huko nyuma, nikaimba sauti yangu ile ile, kwa nguvu, mpaka Jennifer akageuka kunitazama. Nikamtazama pia, nikaingia ubeti wa pili.